Nani Atamshikia Wakili Faili Zake? Kisa cha Ofisi Moja ya Nakuru

Barua ya Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili ilikaa kwenye droo majuma saba bila kufunguliwa. Kila asubuhi wakili aliyeandikiwa alivuta droo hiyo kuchukua muhuri wake, akaiona bahasha, akaifunga droo. Karani wake alijua iko pale kwa sababu ndiye aliyeipokea na kutia saini. Mteja aliyelalamika alijua imetumwa kwa sababu alikuwa na nakala. Wote watatu wakakaa kimya.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika ofisi ndogo za mawakili huku kwetu, na alama zote za kumtambulisha mtu nimezibadilisha. Ukipanda ngazi za majengo ya Kenyatta Avenue, Nakuru, kumtafuta wakili huyu, hutampata, au pengine utawapata wengi. Nakichambua kwa sababu moja. Wakili akizidiwa, watu humshauri apumzike, aombe, atembee jioni, amwone mtaalamu. Ushauri wote huo una maana yake, ila haumfikii mtu ambaye faili zake ziko mezani zinahesabu siku na hakuna mwingine wa kuzishika.

Ofisi ya mtu mmoja

Ni mama wa miaka arobaini kasoro, wakili kwa zaidi ya miaka kumi, anayefanya kazi peke yake baada ya kuachana kwa amani na ofisi aliyoanzia. Ana karani mmoja, mzee wa makamo anayeitwa Mzee na kila mtu, na msichana wa mapokezi wa nusu siku. Mume ni mwalimu Baringo, huja Ijumaa jioni.

Sehemu kubwa ya kazi yake ni kesi za ajali. Anayeishi Nakuru haulizi kwa nini. Barabara kuu inatoka Naivasha, inapita Gilgil na katikati ya mji, kisha inapanda kwenda Salgaa na Sachangwan. Pale Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipowaka moto tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao waliokuwa wamekuja kuteka petroli. Na eneo la Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori viligongana tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 wakapoteza maisha. Hizo ndizo ajali zilizoingia kwenye magazeti. Zile za kila wiki, za bodaboda na matatu, huishia kwenye kabati la wakili kama huyu.

Kesi hizi zina hesabu yake ngumu. Mteja hana pesa za kutanguliza. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya kulipwa ada endapo tu kesi itashinda, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuyaandika, lakini wakili hungoja tu. Wakati anangoja, ndiye anayelipia ada ya korti, ripoti ya daktari, rekodi za umiliki wa gari na nauli ya karani kwenda Molo. Hukumu ikitoka, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaibana kampuni ya bima ilipe hadi shilingi milioni 3. Kwenye karatasi hilo linatosha. Miaka ya karibuni kampuni kadhaa za bima zimewekwa chini ya msimamizi na malipo yake yakasimamishwa, basi unaweza kuwa na hukumu tano ulizoshinda na huna kodi ya mwezi huu.

Juu ya hayo alichukua kesi moja bila malipo. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inamruhusu mwathiriwa wa uhalifu kuwa na wakili wake kortini kando ya kiongozi wa mashtaka, naye akakaa upande wa familia ya mtoto aliyenajisiwa. Alishasoma fomu za P3 nyingi maishani, zile za polisi ambazo daktari huandika majeraha. Kilichomshika hakikuwa kwenye P3. Katika maelezo aliyoandikisha polisi, mtoto alitaja soksi alizovaa siku ile, nyeupe zenye mstari wa kijani. Binti yake mwenyewe, umri uleule, ana soksi kama hizo, ni sare ya shule. Tangu wiki hiyo akaanza kuzifua yeye mwenyewe, usiku, binti akishalala, wakati nyumbani kuna msaidizi wa kazi. Hakumweleza mtu sababu.

Ukimsikiliza mtu akieleza jambo kama hilo, ni rahisi kusema kesi ya mtoto ndiyo iliyomvunja. Mimi sioni hivyo. Kusikia mateso ya watu kila siku kunaumiza, na wataalamu wanakitambua kiwewe kinachompata msikilizaji, awe wakili, daktari au polisi. Lakini mama huyu alikuwa amebeba kesi nzito kabla. Safari hii kesi nzito ilimkuta hana pesa, hana mwenzake wa chumba cha pili wa kumwambia "hebu soma hii", na hana siku hata moja ambayo ofisi ingeweza kwenda bila yeye.

Faili ya nyonga

Msafiri wa matatu alivunjika nyonga karibu na Kikopey Februari 2022. Ni fundi wa viatu, na kazi ya fundi wa viatu ni ya kukaa kwenye kigoda. Nyonga ikiharibika, kigoda hakikaliki. Alikuja ofisini mapema, akaleta stakabadhi zote, akaandikiwa ripoti ya daktari. Hati ya madai iliandikwa ikakamilika. Ilibaki kusomwa mara ya mwisho, kutiwa saini na kuwasilishwa.

Kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kinampa mtu aliyeumizwa kwa uzembe miaka mitatu kushtaki. Mzee aliandika tarehe ya mwisho kwenye shajara kwa wino mwekundu, akaikumbusha mwezi mmoja kabla, akaikumbusha tena wiki mbili kabla. Jibu lilikuwa "nitaiangalia, Mzee." Tangu tarehe 11 Machi 2024 mahakama zote nchini zinapokea kesi kwa njia ya mtandao, hakuna tena foleni ya masjala, ada inalipwa kwa simu. Ile ilikuwa kazi ya nusu saa, ya kufanyia hata kitandani. Februari 2025 ikapita.

Hapa mawakili wengi ninaowasimulia hukunja uso. Nusu saa! Na jambo linalowakera zaidi ni kwamba wiki ileile mama huyu alisimama mbele ya jaji akatetea ombi la mteja mwingine, tena vizuri, bila kusoma karatasi. Mtu mgonjwa anawezaje?

Anaweza, na ndicho kinachofanya hali hii isionekane. Kesi iliyoitwa kortini ina jaji, ina wakili wa upande wa pili, ina saa; mazoea ya miaka yanamsimamisha mtu kwa miguu yake. Faili iliyo kabatini haina anayeiita. Ukiiahirisha leo, kesho ukiifungua unakutana na kazi yenyewe pamoja na aibu ya kutoifanya jana. Baada ya mwezi ile aibu ni kubwa kuliko kazi. Mama huyu alifika mahali hawezi kuvuta droo ya herufi fulani ya kabati, kwa kuwa faili ya fundi wa viatu ilikuwa humo, na faili nyingine zilizokuwa humo nazo zikalala kwa ujirani tu.

Nje ya ofisi dalili zilikuwa nyingi, kila moja na maelezo yake. Alikuwa akiamka saa tisa usiku na halali tena, kwa hiyo akaanza kumeza Piriton apate usingizi, dawa ya mzio inayouzwa kila duka la dawa, kisha asubuhi anafukuza uzito wake kwa chai ya rangi kali. Simu aliiweka kimya. Kesi za mtandaoni aliingia kamera imezimwa. Kanisani alikaa nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Mume aliona amechoka. Mama yake mzazi, aliyekuja kumtembelea, alisema ameingiliwa na kitu na akamwitia wazee wa kanisa wamwombee, na kwa kweli usiku huo alilala. Na katikati ya miezi hiyohiyo alihudhuria mafunzo ya mtandaoni kuhusu afya ya akili kwa mawakili. Wakili anatakiwa kufikisha pointi 5 za mafunzo kila mwaka, na yale yalihesabiwa. Mtoa mada alizungumza vizuri sana, nilivyosikia. Yeye aliiweka simu kifudifudi kwenye meza ya jikoni, akaendelea kufua soksi, akapata pointi yake.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limeuweka uchovu wa kazi kama hali itokanayo na kazi, bila kuuita ugonjwa: nguvu zinaisha, mtu anaichukia au kuikwepa kazi yake, na ufanisi unashuka. Kwa hapo ungedhani huyu ni mtu wa kupewa likizo. Lakini uchovu wa kazi hubaki kazini. Mama huyu hakuwa na hamu ya chakula, hakufurahia mtoto, na alikuwa ameanza kuamini kwamba familia ingekuwa afadhali bila yeye. Hiyo ni sonona, na sonona haiponi kwa wikendi Naivasha.

Pesa ambazo hazikuliwa

Kulikuwa na jambo la pili ambalo kwangu ndilo la hatari zaidi katika kisa chote. Mteja mwingine, mjane wa Subukia, alikuwa amelipwa fidia na bima. Pesa ziliingia kwenye akaunti ya wateja, na zikakaa humo miezi minne. Wakili alitakiwa kuandika mahesabu, kutoa gharama, kumwita mjane na kumlipa. Hakuandika. Mjane alipiga simu, akaambiwa Madam yuko kortini. Akaja, akaambiwa arudi Alhamisi. Ilipotimia miezi mitatu alianza kusema kijijini kwamba pesa zake zimeliwa, na nani angemlaumu?

Hakuna senti iliyoguswa. Taarifa ya benki ilikuja kuonyesha hivyo. Lakini kwa mtu aliye nje, wakili mgonjwa na wakili mwizi wanafanana kabisa: hapokei simu, hatoi mahesabu, karani anatoa visingizio. Na ukweli ni kwamba mpaka kati yao ni mwembamba. Pesa ya mteja ipo, kodi ya ofisi imechelewa, kichwa hakifikiri sawasawa. Mtu mwenye maadili ya miaka kumi anaweza kujiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Baada ya hapo si habari ya afya ya akili peke yake tena, ni kosa la jinai. Mama huyu aliniambia kitu kilichonishangaza, kwamba hakugusa pesa zile kwa sababu ileile iliyomfanya asizilipe. Hakuweza kuifungua faili.

Mzee

Katika mazungumzo ya mawakili, karani hutajwa mwisho. Hapa nataka nikae naye.

Mzee alianza ukarani hati za korti zikipigwa kwa taipureta. Anajua masjala ya Nakuru, Molo na Naivasha kama nyumbani, anajua hakimu gani hapendi kuahirisha na yupi ana huruma siku za Ijumaa. Kwa miezi mingi ndiye aliyeiendesha ofisi. Alipoona Madam hatafika kortini, alimpigia wakili wa jengo la pili: "Wakili, nishikie hii moja tu." Wakili anashika, anamweleza hakimu kwamba mwenzake hajaweza kufika, tarehe mpya inaandikwa. Safari nyingine anampigia mwingine. Ni desturi nzuri ya kazi yetu, kushikiana kesi. Ila Mzee alizigawa kwa akili, hakumsumbua mtu yuleyule mara mbili katika wiki, na kwa hiyo kila wakili alishika kesi moja na hakuna aliyejumlisha.

Nimewasikia wanaosema Mzee ndiye wa kulaumiwa, kwamba angesema mapema fundi wa viatu asingepoteza haki yake. Aseme kwa nani? Anayemlipa ni yule mgonjwa. Chama ni cha mawakili, yeye si mwanachama. Tume ni mahali pa kushtaki. Ofisi ikifungwa, ana watoto wawili chuoni. Na akisema kwamba wakili wake hayuko sawa, habari itatoka mtaa wa Section 58 na kufika ule wa Pipeline kabla ya giza, wateja waje kudai faili zao mmoja mmoja. Tena aliniambia aliamini sheria inamziba mdomo. Sheria ya Ushahidi kweli inamfunga karani kutunza siri za wateja kama inavyomfunga wakili. Siri za mteja, lakini. Ugonjwa wa mwajiri haumo. Hakuna aliyewahi kumweleza tofauti hiyo katika miaka yake yote ya kazi.

Hata hivyo siwezi kumsafisha kabisa. Uaminifu wake ulinunua muda, na muda alioununua ulikuwa wa wateja.

Aliyeuvunja ukimya hatimaye ni yeye. Siku moja alimkuta Madam amekaa ofisini saa mbili usiku, taa imezimwa, amevaa koti, mkoba mapajani. Alimsindikiza mpaka kwenye teksi, akampigia mume. Kesho yake akapanda ngazi za jengo jingine kwa wakili aliyesoma na Madam pale Kenya School of Law, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Wakili, sikuja na faili. Madam hayuko sawa."

Jumamosi

Mwenzake alifika Jumamosi asubuhi, na kwa maoni yangu kila kilichofuata kilitegemea namna alivyoingia. Hakuuliza "una nini?" Alivuta kiti.

"Dada, sijaja kukuhubiria. Nipe faili zenye tarehe."

"Ziko nyingi."

"Nipe zinazouma mwezi huu. Nyingine Mzee atazipanga."

Walizitandaza sakafuni. Upande wa dirisha ziliwekwa zenye muda wa kisheria: kesi ambazo hazijawasilishwa na miaka mitatu inakaribia, hukumu zenye rufaa, maana kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30, na notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 14. Katikati zikakaa zenye pesa za wateja. Mlangoni zile zilizokuwa zikingoja tarehe tu. Zenye hatari ya kweli zilikuwa chache kuliko alivyodhani mwenyewe. Kabati lililomnyima usingizi kwa miezi lilikuwa na faili sita za kuokoa haraka. Ya fundi wa viatu haikuwa mojawapo. Ile ilikuwa imekufa tayari. Kifungu cha 27 kinaruhusu kuongezewa muda pale mdai alipokuwa hajui mambo ya msingi ya dai lake, na fundi alijua kila kitu, hata namba ya matatu.

Kisha mama akamwomba mwenzake aifungue ile bahasha ya Tume.

Kuna swali la haki hapa: wakili mwingine anasomaje faili za wateja ambao hawakumwajiri? Walifanya hivi. Waliandikiana barua fupi kwamba anamshikia na amefungwa na siri kama yeye. Faili sita zilipohitaji kuhamia kwake, kila mteja alipigiwa simu akaombwa ridhaa, akaambiwa wakili wake ni mgonjwa, bila kuelezwa ugonjwa gani. Wanne walikubali, wawili wakachukua faili zao kwingine. Mjane wa Subukia alilipwa ndani ya wiki hiyo, na mahesabu yake yakasomwa mbele ya mwanawe.

Jumanne iliyofuata ndipo alipokwenda kliniki. Alikuwa amekataa kwenda kwa miezi, akisema hana nafasi, na haukuwa uongo: mtu mwenye faili zinazowaka haendi kukaa saa nzima akisimulia utoto wake. Aliulizwa yale maswali tisa yanayotumika sana kupima sonona, ya wiki mbili zilizopita, alama zake 0 hadi 27. Akapata 17, kati ya 15 na 19 ni sonona nzito kiasi cha kuhitaji tiba bila kuchelewa. Kwenye swali la tisa, linalouliza kama umewaza afadhali kufa au kujidhuru, alijibu "siku kadhaa" kisha akataka kulifuta.

Alieleza baadaye kwamba mkono ulisita kwa sababu ya kifungu cha 226. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mwanasheria husoma kila fomu kama ushahidi. Kuwaza hakukuwahi kuwa kosa, na kifungu chenyewe Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Alilijua hilo kama habari ya kazi. Mtaalamu hakushtuka wala hakumhubiria. Alimuuliza moja kwa moja kama ana mpango, nani yuko nyumbani usiku, na dawa gani ziko kabatini. Waliandika pamoja mambo ya kufanya hali ikizidi: mume ahamie nyumbani kwa muda, mwenzake apigiwe saa yoyote, na namba mbili zikaingizwa kwenye simu, 1199 ya Msalaba Mwekundu na 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Alianzishiwa dawa na mazungumzo ya kila wiki. Aliambiwa mapema kwamba dawa huchukua majuma kabla ya kuleta nafuu, na kwamba hataiacha siku atakapojisikia vizuri. Piriton ikaondoka.

Kujibu Tume

Mabishano makubwa yalikuja hapa. Mwenzake alitaka barua ya daktari iambatishwe kwenye jibu la malalamiko, kila kitu wazi. Mama mwenyewe hakutaka neno lolote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na ni haki yake kuchagua nani azione. Kwa upande mwingine, jibu lisilo na maelezo lingesomeka kama dharau.

Walikubaliana katikati: kwamba alikuwa mgonjwa kwa kipindi fulani, yuko chini ya matibabu, hatua zimechukuliwa kulinda wateja wengine, na uthibitisho wa daktari utatolewa kwa siri ukihitajika. Naona waliamua vizuri, hasa kwa kutoutumia ugonjwa kama ngao. Baraza la Nidhamu la Mawakili lina uwezo wa kuonya, kutoza faini, kusimamisha au kufuta jina. Ugonjwa unaweza kupunguza adhabu. Hauifufui kesi ya fundi wa viatu.

Na huyo fundi, aliyepeleka malalamiko yale, ndiye mtu ambaye maandishi ya afya ya mawakili humsahau. Alifanya kila alichotakiwa. Alielezwa ana kwa ana, mwenzake akiwapo, kwamba muda umepita kwa kosa la ofisi, kwamba anaweza kumdai wakili mwenyewe, na kwamba atafute wakili mwingine asiyehusika wa kumshauri. Bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipia makosa ya wakili kazini, ilijulishwa kabla ya mazungumzo yoyote ya fidia, maana ukikiri kwanza na kujulisha baadaye kampuni inaweza kukataa kulipa. Fundi alisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hivyo Madam alikuwa anaumwa nikija hapa kila Alhamisi?" Akaambiwa ndiyo. Akasema mngeniambia ningeenda kwa mwingine. Malalamiko hakuyaondoa, na sioni kwa nini angeyaondoa.

Kwingine wamefanyaje

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliohoji mawakili 12,825, ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona na asilimia 20.6 wanakunywa pombe kwa namna ya kutia shaka. Tarakimu hizo ni za kwao, siwezi kuzihamishia Nakuru. Kinachonihusu ni sababu walizotoa za kutotafuta msaada: hawakutaka watu wajue, na waliogopa siri kutoka. Mzee wetu angeweza kuwaandikia hayo bila utafiti.

Wenzetu hao wana mipango ya kuwasaidia mawakili katika kila jimbo, na kipengele ninachokitamani zaidi kimo katika kanuni ya 8.3 ya mfano wa maadili ya chama chao. Wakili anatakiwa kuripoti utovu mkubwa wa mwenzake, isipokuwa habari aliyoipata kupitia mpango wa msaada ulioidhinishwa. Yaani kuna mlango mmoja usioelekea kwenye nidhamu. Uingereza wana LawCare, shirika la kuwasaidia watu wa sheria, tangu 1997, na simu yao inapokelewa kwa yeyote anayefanya kazi katika sheria, makarani wakiwemo. Hilo la makarani ningelichukua kesho.

Ushauri nasaha wa bure, matembezi ya pamoja, mafunzo ya pointi: viendelee. Ila mpango wowote usio na mtu wa kuja Jumamosi kukaa sakafuni na faili utawafikia waliochoka kidogo na kuwakosa waliozama. Mganga hajigangi, na wakili aliyefikia alama 17 hawezi kujipangia nani ashike kesi zake. Lazima liwe limepangwa akiwa mzima.

Walivyopanga wao ni hivi. Mawakili watatu wa ofisi za mtu mmoja wameandikiana. Kila mmoja ametaja wa kumshikia akishindwa, na wateja wapya wanaelezwa hivyo siku wanayofungua faili. Tarehe za ukomo ziko kwenye shajara moja ambayo wote watatu wanaiona, majina ya wateja yakiwa herufi tu. Makarani wamepewa barua yenye saini inayowaruhusu kupiga simu kwa mmoja wa wale wengine bila kumwuliza mwajiri, kesi moja ikishikiwa zaidi ya mara mbili mfululizo, barua rasmi ikikaa siku tatu bila kufunguliwa, au pesa za mteja zikikaa mwezi bila mahesabu. Mama wa kisa hiki anafanya kazi siku nne kwa wiki, kesi za watoto ameziacha kwa sasa, na malalamiko bado yako mbele ya Tume.

Mzee alipopewa barua yake aisaini aliisoma yote, akairudisha. Alitaka kuongezwa sharti: wakili akilazwa na karani ndiye aliyepiga simu, mshahara wa karani uendelee miezi miwili kutoka kwenye ada za kesi zilizohamishwa. Mawakili watatu walibishana naye karibu saa nzima, wakashukia mwezi mmoja na nusu, na hapo ndipo akasaini.